Samburu wakati wa kiangazi: msingoje mvua, fuateni maji

Kuna dada wa Kasarani ameniuliza, nimemfupishia kidogo: "Mzee habari. Sisi ni chama cha wamama 6, mwaka huu tumeamua si Mara tena, tunataka Samburu, mwezi wa nane, siku 4. Sasa mume wangu anasema kule ni kiangazi tutakuta mizoga na ng'ombe tu, afadhali tungoje mvua. Twende ama tungoje? Tuna Probox 2, zitafika? Na ile pesa ya geti inasaidia wanyama kweli ama inaishia mifukoni? Alafu mamangu ana miaka 71 na hajawahi kuona ndovu na macho yake, anaweza kuja?"

Dadangu, nendeni. Na nendeni huo huo mwezi wa nane.

Mumeo hajakosea kabisa, hayo ya mizoga nitayafikia manake sitaki kukudanganya, lakini kungoja mvua ndo kosa watu wa Nairobi hufanya kila mwaka na mimi nalisikia tangu nianze kazi hii ya kuongoza watalii, na imepita miaka 20. (Hii kazi nusu ya wateja wangu huitamka "gaidi", na nimewaomba sana wasiniite hivyo tukifika vizuizi vya polisi pale Isiolo.) Sisi huku tumezoea mvua ni baraka ya kila kitu, ikinyesha sukuma inashuka bei na kando ya Thika Road kunakuwa kijani, kwa hivyo tunadhani hata wanyama wakinyeshewa watajitokeza washukuru. Kule mambo ni kinyume. Mvua ikishanyesha kila shimo ni bwawa, kila laga, yaani mto wa mchanga unaopitisha maji wakati wa mvua tu, imeacha vidimbwi, majani yamechipuka mpaka milimani, sasa ndovu ana haja gani ya kukaa mtoni akiangaliana na landkruza? Anaondoka, na wengine wote wanatawanyika. Nishazunguka na wageni mwezi wa kumi na moja siku nzima, nyasi imefika magotini, kila mahali kunapendeza, tukaona digidigi 11 na gari moja la watu waliopotea.

Lakini kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa, na tena Januari na Februari, maji yamebaki sehemu moja tu, na kila mwenye kiu lazima aje hapo. Hiyo ndo siri yote ya nchi kavu, wewe hufuati wanyama, unafuata maji, wanyama watakuja wenyewe.

Maji yenyewe ni mto Ewaso Ng'iro. Ni jina la Kimaa, maana yake maji ya rangi ya udongo, na ukiuona utajua hawakubahatisha. Unatoka Mlima Kenya na Nyandarua, unashuka Laikipia, alafu unapita katikati: ng'ambo ya kaskazini ni rizavu ya Samburu, ng'ambo ya kusini ni Buffalo Springs, na mbele kidogo mashariki kuna Shaba. Ukipita hapo unaendelea zako mpaka kinamasi cha Lorian na huko ndo unazama, siku za kawaida baharini haufiki. Rizavu hizo ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, Samburu ni kilomita mraba 165, Buffalo Springs 131, Shaba 239, ukizijumlisha zote hazifiki hata nusu ya Mara. Na hazina ua. Mnyama anakunywa ndani ya rizavu saa nne asubuhi, saa kumi yuko malishoni kwa watu na mbuzi wao. Hilo liweke akilini kwa sababu swali lako la pesa linakuja kukaa hapo hapo.

Kitu kimoja nataka mkione hata kama hamtaona simba. Kama mvua ya Aprili ilikuwa duni, kufikia mwezi wa nane kuna sehemu mto unakauka juu kabisa, unabaki mchanga mweupe, mpana kama barabara. Zimeni injini hapo mkae. Atakuja ndovu jike mkubwa, yule mama wa familia, atatembea akiunusa mchanga na mkonga kama mtu anayetafuta funguo gizani, atasimama, ataanza kupiga teke na mguu wa mbele, pole pole, kisha anazoa na mkonga anatupa kando. Shimo linakuwa jembamba tu, upana wa ndoo. Alafu anangoja. Wageni wengi hapo huniambia twende, wanadhani ameshindwa, kumbe anangoja maji yajikusanye chini. Ya kwanza ni tope, anayavuta anayamwaga kando, hayanywi. Anangoja tena. Ya pili ndo anakunywa, mkonga mmoja, kisha kungoja, mkonga mwingine, na vile vitoto vya ndovu mkonga haufiki chini kwa hivyo vinapiga magoti vinang'ang'ana huku mama akivisukuma kando kwa mguu. Wakiondoka, kabla vumbi halijatulia, nyani wameshafika kwenye shimo, na wale kanga wa kule wenye kifua cha buluu. Ndovu mmoja amechimbia kijiji kizima.

Mara wanajivunia wale watano wao wakubwa, Samburu nayo ina watano wake na mimi nawapenda zaidi kwa sababu kila mmoja amepata njia yake ya kuishi na kiu. Kuna twiga mwenye mabaka makubwa kama mtu amemchorea wavu, kuna mbuni wa Kisomali ambaye dume shingo na miguu ni rangi ya buluu iliyofifia, hao nawapita haraka. Swala twiga ndo kituko, shingo ndefu, kichwa kidogo, anasimama na miguu miwili ya nyuma kama mtu anayechungulia juu ya ukuta wa jirani, anakula majani ambayo swala wengine hawafikii, na maji karibu haguzi, majani yanamtosha. Choroa, yule mwenye pembe 2 ndefu zimenyooka kama mikuki, yeye jua likizidi hatoi jasho ovyo, anaacha mwili wake upande joto mpaka kiwango ambacho mimi na wewe tungekuwa tumeshazikwa, kisha usiku analirudisha hewani. Hapo hapo Samburu ndo kulitokea yule simba jike wa 2002, Kamunyak, aliyechukua ndama wa choroa akamlinda kama mwanawe, wanalala pamoja, dunia nzima ikashangaa. Simba dume akamla yule ndama. Kamunyak akatafuta mwingine, na mwingine tena.

Na wa tano ni punda milia wa Grevy, huyu wacha nimkalie kidogo. Si yule wa Nairobi National Park. Mistari yake ni myembamba na imesongamana, tumbo ni jeupe bila mstari, masikio makubwa ya mviringo kama sahani za kahawa. Jina ni la rais wa Ufaransa, Jules Grévy, aliyezawadiwa mmoja na mtawala wa Uhabeshi mwaka 1882. Miaka ya mwisho ya 1970 walikadiriwa kama 15,000, wakawindwa kwa ajili ya ngozi, kisha malisho yakaisha, na leo hawafiki 3,000 kwa Kenya, na Kenya ndo karibu wote walipo, waliobaki wachache wako Ethiopia. Wanavyohesabiwa nayo ni kazi nzuri, 2016 walianza mtindo wa kuita watu wa kawaida, wanafunzi, wachungaji, familia kutoka Nairobi, wanapewa siku 2 na kamera, kila punda apigwe picha upande wa kulia, kwa sababu mistari ni kama alama za vidole, hakuna wawili wanaofanana, kompyuta inatafuta nani amerudiwa. Hesabu ya kwanza ilitoka 2,350, ya 2018 ikatoka 2,812.

Sasa shida yake ni hii hapa. Punda milia wa Grevy asiye na mtoto anaweza kukaa siku hata 5 bila maji. Mwenye kunyonyesha hawezi, anahitaji kunywa karibu kila siku. Kwa hivyo mama analazimika kukaa karibu na maji, na karibu na maji mchana kuna nani? Kuna ng'ombe, mbuzi, ngamia, na vijana wenye fimbo. Anangoja. Jua likizama na mifugo ikirudi boma, ndo anateremka, na saa hiyo simba naye ameshaamka. Mtoto humwacha mbali na wenzake, chini ya uangalizi wa mkubwa mmoja tu, kama ile chekechea ya mtaani ya mwalimu mmoja na watoto 15. Kwa hiyo ukisikia watu wa uhifadhi wanazozana kuhusu saa za kunywesha mifugo usidhani wamekosa kazi. Kisima kikiachwa bila ng'ombe kuanzia saa kumi jioni, ni punda wangapi watalea watoto.

Na hapa ndo sitaki uende ukaniambie "mzee tuliona ng'ombe, rizavu imeharibika." Mutaona ng'ombe. Yule mchungaji hakuja kuvamia, kiu imemleta kama ilivyomleta ndovu, na babu zake walinywesha hapo kabla mtu hajachora mpaka wa rizavu kwenye karatasi. Kukiwa na ukame mkali sheria ya mpaka inapindishwa, kila mtu anajua, na kuna siku inaleta ugomvi. Wasamburu wana visima vyao wanachimba kwenye mchanga wa laga, virefu, vijana wanashuka mmoja juu ya mwingine wakipokezana ndoo huku wakiimba, kila familia ina wimbo wake na ng'ombe wanaujua, wakisikia wa kwao wanakuja, wakisikia wa wengine wanabaki wamesimama. Ukipata nafasi ya kusikia, sikia. Simu iache mfukoni, picha hapo haziruhusiwi na ni heshima tu, hao watu wako kazini na wengine wako uchi.

Usiku ndovu nao huja kwenye visima hivyo hivyo, na watoto wao wengine huteleza wakaingia. Zamani kitoto kikikosa mama kililetwa Nairobi kwa ndege kulelewa huku. Tangu 2016 kuna kituo kule kwao, Reteti, ndani ya hifadhi ya jamii ya Namunyak chini ya milima ya Mathews, ni mali ya jamii yenyewe, wanaolea ni vijana na wasichana wa Kisamburu, na siku hizi maziwa wanayochanganya ni ya mbuzi yanayonunuliwa kwa wamama wa hapo hapo. Mukiwa na siku 4, moja itoeni muende Reteti, lakini wekeni nafasi mapema na muondoke alfajiri, wageni wana saa zao na ile barabara ya Wamba si ya kukimbizana.

Haya, mizoga. Mumeo ameona picha za 2022, na zilikuwa za kweli. Misimu 5 ya mvua ilifeli mfululizo. Ripoti ya wizara ya utalii ya mwaka huo ilihesabu kati ya Februari na Oktoba ndovu 205 waliokufa nchini, nyumbu 512, punda milia wa kawaida 381, nyati 51, twiga 12, na wale wa Grevy 49, na Samburu na Laikipia zilikuwa kati ya sehemu zilizoumia zaidi pamoja na Amboseli. Hao 49 waonekana wachache mpaka ukumbuke wenyewe hawafiki 3,000. Mimi nilikuwa huko Septemba hiyo na harufu ilituamsha kempuni, sitaieleza zaidi. Lakini ule ulikuwa ukame, na kiangazi ni kitu kingine, watu wanachanganya. Kiangazi kinakuja kila mwaka na kila mnyama wa kule amejipanga nacho. Ukame ni kiangazi ambacho kimekataa kuondoka. Kabla ya kulipa chochote, mpigie simu mtu aliye kule umuulize mvua ya Machi hadi Mei ilikuwaje, na mto unatembea ama umesimama. Akikuambia "mvua ilikuja kidogo" nendeni. Akikuambia "tumekosa mara tatu sasa" basi pia mnaweza kwenda, wenye kempu watawashukuru, ila mjue mtaona nini na mjadiliane kama mama yuko tayari.

Na si kiangazi tu kinachokausha ule mto. Juu huko Nanyuki na Timau maji yanavutwa, mashamba ya maua, ya mboga, ya ngano, miji imekua, kila mtu na pampu yake, wakati yanafika Archers Post, ule mji mdogo ulio karibu na rizavu, yamekonda. Zile mboga na maua mnayoona mkipita Timau, uliza zinanyweshwa na nini.

Nisisahau upande wa pili, manake watu huogopa ukavu na kinachoua ni maji. Machi 2010, miezi michache tu baada ya ukame wa 2009 uliomaliza mifugo, Ewaso Ng'iro ilifurika asubuhi moja ikafagia kempu kadhaa za ukingoni pamoja na ile ya watafiti wa ndovu waliokuwa hapo tangu 1997, hema, kompyuta, vitabu, vyote. Na mimi yangu ilikuja mapema zaidi. Mwaka wangu wa pili kazini, kampuni fulani niliyokuwa nafanyia kazi, tumefika laga moja upande wa Wamba, mchanga mkavu, juu hakuna hata wingu, bosi yuko kwa simu anafoka ati wageni wana ndege kesho, vuka. Nikavuka. Katikati tairi ya nyuma ikazama. Tunachimba na sufuria, ng'ambo kuna mzee wa mbuzi, hakusema kitu, alinyoosha fimbo tu kuelekea milimani. Mimi nikadhani anatuonyesha njia. Alafu nikasikia kama lori linashuka gia nzito. Wageni wakatoka, mabegi mawili yakatoka, mimi nikatoka na kiatu kimoja, maji yakaja kahawia na magogo na povu na mbuzi aliyekufa, yakaibeba ile van kama kopo. Tuliipata siku ya pili imezikwa mpaka madirishani. Nilikatwa mshahara miezi 4. Mvua ilikuwa imenyesha mlimani usiku, sisi hatukuona hata tone. Kwa hivyo hata mwezi wa nane, hata iwe kavu namna gani, msisimamishe gari ndani ya laga, msipige hema ndani ya laga, msile chakula ndani ya laga ati kuna kivuli cha mikoma.

Hiyo inanileta kwa Probox. Dadangu, Probox ni gari nzuri, imebeba miraa ya nchi hii na sitaitukana. Itawafikisha Archers vizuri kabisa, ni lami yote, kama kilomita 300 na ushee, mtapita Sagana, Karatina, Nanyuki, Timau, na mkianza kuteremka kutoka Timau kuelekea Isiolo fungueni madirisha, dakika 20 tu mnatoka kwenye baridi ya sweta mnaingia kwenye tanuri na mbele nchi yote imelala tambarare na milima imesimama moja moja. Isiolo jazeni tanki, kunyweni chai ya maziwa ya ngamia, yale yale yanayopakiwa basi kila asubuhi kuja Eastleigh. Lakini ndani ya rizavu ni mchanga na mawe, Probox itakalia tumbo kilomita ya tatu na mtakuwa mnaisukuma katikati ya simba. Ziacheni Archers ama kwenye lodji, mkodishe landkruza moja ya mwenyeji na dereva wake, mko 7 na mama, mnatosha, mkigawana si pesa nyingi. Na dereva wa hapo macho yake si kama yetu, mimi na miaka yangu yote bado kuna vijana wa Archers wananionyesha chui nimempita mara mbili.

Bebeni maji, lita 5 kwa kila mtu kwa siku na ziada ya kukwama. Msibebe zile chupa ndogo za plastiki, tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zilipigwa marufuku kwenye hifadhi, bebeni jerikeni na kila mtu kikombe chake. Chakula kifungieni ndani ya gari, tumbili wa kempu za Samburu wanajua zipu kuliko fundi nguo. Na usalama, muulize tena mtu wa kule wiki ya safari, wizi wa mifugo hutokea na huwa na sehemu zake na siku zake, barabara kuu na rizavu zenyewe mara nyingi huwa shwari, usiku tu msisafiri.

Pesa sasa. Kwanza ujue geti la Samburu si la KWS, lile shirika la serikali la wanyamapori. Samburu ni ya kaunti ya Samburu, Buffalo Springs na Shaba ni za kaunti ya Isiolo, kwa hivyo mukivuka daraja uliza kama mnalipa tena. Bebeni vitambulisho mlipe bei ya raia, na chukueni risiti, mama yeyote wa chama anajua umuhimu wa risiti. Ile hela inaingia mfuko wa kaunti na kaunti ina barabara na zahanati za kulipia, kurudi kwa mnyama na kwa jirani yake ni safari ndefu. Mimi sisemi msilipe, nasema msitegemee hiyo peke yake.

Kumbuka nilikuambia mnyama analala kwa watu. Sheria ya wanyamapori ya 2013 ilitambua hifadhi za jamii, zile watu huita konsavansi, yaani wenye ardhi wanakubaliana wenyewe sehemu hii tutalisha, hii tutaiacha, tutaajiri vijana wetu walinde, mgeni akilala kwetu atalipa. Zimezunguka Samburu yote. Zikienda vizuri zinaenda vizuri kweli, Sera, juu kidogo ya Archers, 2015 walirudishiwa vifaru weusi 10 nchi ambayo vifaru walikuwa wamemalizwa, na wanaolinda ni watoto wa hapo. Morani ambao zamani sifa ilikuwa kuua simba, tangu 2010 kuna mpango umewafanya wao ndo wapelelezi wa simba, wanawaonya wachungaji "leo msipitie huku." Lakini zingine zina maneno. Januari 2025 mahakama ya Isiolo iliamua kwamba konsavansi 2 za kaunti hiyo zilianzishwa kinyume cha sheria, wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wako wafugaji wanaosema hiyo ni njia ya kuwanyang'anya malisho kwa lugha tamu, na wako wanaosema bila konsavansi watoto wao hawangesoma, na mimi nimekunywa chai na wote wawili, na wote wawili walikuwa na sababu. Kwa hivyo ukiambiwa "tunafanya kazi na jamii" usiridhike. Uliza walinzi ni wa kijiji gani, uliza mwaka wa ukame waliruhusiwa kulisha wapi, uliza mpishi anatoka wapi. Mwenye majibu atakujibu hata kabla hujamaliza.

Na shanga, nunueni kwa mama aliyezishona, msibishane naye shilingi 50 na nyinyi mumetoka Nairobi na Probox 2.

Mama aje, miaka 71 si kitu. Magoti na mgongo ndo vya kuangalia, kiti cha mbele cha landkruza ni chake, mto wa kukalia, kofia, na mchana kuanzia saa tano hadi saa tisa apumzike kivulini hata mkimuona chui wapi. Wiki moja kabla, mpitishe makumbusho pale Museum Hill umuonyeshe Ahmed, yule ndovu wa Marsabit ambaye Mzee Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri ya rais mwaka 1970 na akafa 1974, sanamu yake imesimama uani na zile pembe ndefu zinakaribia kugusa chini. Akisimama chini ya Ahmed atajua ukubwa, kule atapata uhai.

Mimi wangu nilimpeleka akiwa na 68. Ni mtu wa Kitui, amekulia kuchota maji kwenye mchanga wa mto, debe kichwani. Tukakaa ukingoni, ndovu akaja akachimba kama nilivyokueleza, wageni wengine kwenye gari wameshika pumzi. Mamangu akaangalia mpaka mwisho, akatikisa kichwa. Akaniambia huyu anajua kazi, ila amechimba karibu sana na ukingo, hapo jioni patakuwa pamekauka, angesogea katikati. Kesho yake asubuhi tukapita hapo hapo, lile shimo limekauka, na hatua kama 10 kuelekea katikati kuna lingine jipya, limejaa.